Tonsili Zisizopungua: Kuishi na Lukemia Sugu ya Limfosaiti Inapoingia Kooni

Somo hili linaanza na mgonjwa wa mfano, wa aina ambayo mhudumu wa kituo cha afya anaweza kukutana naye siku yoyote. Ni mzee wa miaka 67, mvuvi aliyestaafu, ambaye amekuja kituoni kwa mara ya nne katika muda wa miezi mitano. Hana homa wala maumivu makali. Analalamika kwamba tonge la ugali husita kooni kabla ya kushuka, kwamba sauti yake imekuwa nzito kama ya mtu anayesema huku kinywa kimejaa, na kwamba mkewe amehamia chumba cha pili kwa sababu ya kukoroma kwake. Mara tatu zilizotangulia aliandikiwa amoksilini. Kila mara alimaliza dozi, na kila mara tonsili zilibaki kama zilivyokuwa.

"Kijijini wananiambia hiki ni kimeo, mwanangu," anamwambia tabibu. "Wanasema kikatwe, yaishe."

"Kabla ya kukata chochote, mzee wangu, naomba tupime damu," tabibu anamjibu.

Kipimo cha picha kamili ya damu kinaonyesha seli nyeupe 48,000 katika kila maikrolita, na zaidi ya 40,000 kati yake ni limfosaiti. Kwa mtu mzima mwenye afya limfosaiti huwa baina ya 1,000 na 4,000 hivi. Himoglobini ni gramu 11.8 kwa desilita, na chembe sahani ni 132,000. Tabibu anarudi kumpapasa mgonjwa na kukuta mitoki midogo, laini, isiyouma, pande zote mbili za shingo na kwapani. Sasa maelezo ya koo lile yameanza kupatikana, nayo hayakuwa kooni peke yake.

Ugonjwa na makao yake

Limfosaiti ni jamii ya seli nyeupe za damu zenye kazi ya kinga. Ziko za aina mbalimbali, na zile za aina ya B ndizo zinazozalisha kingamwili. Katika lukemia sugu ya limfosaiti, ukoo mmoja wa seli B, wenye asili moja, huongezeka pole pole bila kiasi, na seli zake haziwezi kufanya kazi ya kinga ipasavyo. Ugonjwa huthibitishwa pale ambapo seli B za ukoo huo zimefikia au kuzidi 5,000 katika maikrolita moja ya damu kwa muda usiopungua miezi mitatu, na alama zilizo juu ya seli zimetambuliwa kwa mashine maalumu ya maabara. Kwenye kioo cha hadubini, limfosaiti huonekana ndogo na zilizokomaa, na baina yake kuna seli zilizopondeka kama doa la wino, kwa kuwa ni dhaifu na huvunjika zinapotandazwa. Maabara isiyo na mashine hiyo inaweza kuanza na kioo. Kioo kilichosomwa vizuri humpeleka mgonjwa mahali panapostahili.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja unaowasumbua wagonjwa wengi. Kuna lukemia sugu mbili zinazojulikana zaidi. Ile ya pili, ya mieloidi, hutibiwa kwa vidonge vya imatinibu, navyo vimewapa watu wengi maisha marefu. Mgonjwa wa lukemia ya limfosaiti anapokutana kliniki na mwenzake anayetumia vidonge hivyo huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini yeye hapewi. Jibu ni kwamba imatinibu huzuia kasoro ambayo ugonjwa wake hauna. Majina yanafanana, magonjwa ni mawili.

Watu hudhani kwamba saratani ya damu huzaliana ndani ya damu. Kwa lukemia hii sivyo. Seli nyingi zinazoonekana katika mishipa ya damu zimepumzika. Kuzaliana kwake hutokea zaidi ndani ya uboho, bandama na tezi za limfu, ambako seli jirani huzipa ishara za kuishi na kugawanyika. Vipimo vya kasi hiyo vimeonyesha kwamba seli mpya zinazozaliwa kwa siku ni kati ya 1 katika kila 1,000 na kiasi cha zaidi kidogo ya 1 katika kila 100, kutegemea mgonjwa. Na tonsili, ambazo wengi wetu tunaziita tonsesi au mafindofindo, ni tishu ya limfu. Mbili tunazoziona tukifungua kinywa ni sehemu tu ya mviringo wa tishu hiyo unaozunguka lango la koo: nyingine iko nyuma ya pua, na nyingine kwenye shina la ulimi. Wataalamu huuita mviringo huo pete ya Waldeyer. Kwa hiyo seli za lukemia zinapokaa katika tonsili hazijapotea njia. Zimekaa katika moja ya makao yake ya kawaida. Hata mfumo wa hatua za ugonjwa uliotolewa na Binet mwaka 1981 huihesabu pete hiyo pamoja na tezi za kichwa na shingo kuwa eneo moja kati ya matano yanayopimwa.

Jambo hili lina uzito kwa mgonjwa. Mtu aliyeambiwa kwamba "ugonjwa umefika kooni" huelewa kwamba umesambaa na mwisho umekaribia. Maana ya kusambaa katika saratani ya ziwa au ya tezi dume haiwezi kuhamishiwa hapa. Ugonjwa wa damu umo mwilini mwote tangu siku ya kwanza. Kinachopima uzito wake ni hali ya uboho, yaani himoglobini na chembe sahani, kasi ya kuongezeka kwa limfosaiti, tabia ya jeni za seli hizo, na usumbufu anaoupata mgonjwa mwenyewe.

Kulijua koo lako

Mhudumu anayemfuatilia mgonjwa wa lukemia hii aangalie koo katika kila ziara, kwa taa nzuri na kijiti cha ulimi, na aandike alichokiona. Kuandika "tonsili zimevimba" hakutoshi. Ukubwa hupimwa kwa kuangalia sehemu ya upana wa koo iliyozibwa na tonsili zote mbili: daraja la 1 haizidi robo, la 2 huishia nusu, la 3 huishia robo tatu, na la 4 huvuka hapo. Aandike pia kama upande wa kulia na wa kushoto ni sawa, kama uso wa tonsili ni laini au una kidonda, na kama kuna usaha. Mzee wetu ana daraja la 3, pande zote sawa, uso laini wenye rangi ya kawaida, bila usaha. Sura hii ndiyo inayoonekana aghalabu lukemia inapoingia tonsili.

Mgonjwa naye ajifunze koo lake. Asimame mbele ya kioo mchana, afungue kinywa na kusema "aa", mara moja kwa mwezi, siyo kila siku. Kuangalia kila siku huzaa hofu na hakuonyeshi badiliko. Tunapendekeza daftari dogo la kurasa chache: tarehe, uzito, joto la mwili akijihisi vibaya, idadi ya limfosaiti, himoglobini na chembe sahani kutoka kliniki, kisha mstari mmoja kuhusu koo, usingizi na kumeza chakula. Mwenzi anayelala naye ni shahidi bora kuliko yeye mwenyewe katika habari ya usingizi. Kama anasikia pumzi ikisita kwa sekunde kadhaa kisha ikirudi kwa mkoromo mkubwa, na mgonjwa anasinzia mchana akiwa ameketi, hilo liandikwe na liletwe kwa daktari. Tonsili zinazofunga njia ya hewa usingizini huuchosha moyo na kupandisha shinikizo la damu, hata kama mchana mgonjwa anapumua vizuri.

Faida ya daftari huonekana siku kitu kinapobadilika. Tonsili moja ikianza kukua haraka kuliko mwenzake, au ikiota kidonda, au mtoki mmoja wa shingo ukawa mgumu na mkubwa ndani ya wiki chache, hatuwezi tena kusema "ni ile lukemia yake". Mwaka 1928 mtaalamu wa patholojia aitwaye Maurice Richter alieleza habari za mgonjwa wa lukemia hii aliyepata uvimbe mkali uliokua kwa kasi. Mageuzi hayo, yanayobeba jina lake hadi leo, huwapata kati ya wagonjwa 2 na 10 katika kila 100, na matibabu yake ni mengine kabisa. Aghalabu huambatana na homa isiyo na chanzo, jasho la usiku linaloloanisha shuka, kupungua uzito, na kimeng'enya cha LDH kupanda sana katika damu. Lakini kifua kikuu cha tonsili, virusi vya malengelenge na saratani ya ngozi laini ya koo navyo huweza kuanza kwa upande mmoja. Njia ya kuvitenganisha ni moja tu: kinyama kikatwe na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Kipimo cha VVU nacho kifanywe, kwa kuwa maambukizi hayo hukuza tezi na pia huongeza hatari ya limfoma.

Tuna ombi moja kwa wahudumu wenzetu, nalo tunalitilia mkazo kwa sababu kosa hili hufanywa kwa nia njema. Msimpe mgonjwa prednisoloni au deksamethasoni "kupunguza uvimbe" kabla kinyama hakijachukuliwa, isipokuwa njia ya hewa imo hatarini. Dawa hizo huyeyusha seli za limfu kwa muda. Uvimbe hupungua, wote hufurahi, na kinyama kinachokatwa wiki ileile huja na majibu yasiyosomeka. Baada ya mwezi uvimbe hurudi, na muda umepotea.

Kimeo

Katika jamii nyingi za Tanzania, kikohozi kisichoisha, mtoto asiyenyonya, au koo linalokera huelezwa kwamba ni kimeo kirefu, na dawa yake ni kukikata. Hatuandiki haya kwa kuwadharau wazee wetu. Mtu mwenye tonsili kubwa akijiangalia katika kioo, kitu kinachoning'inia katikati ndicho anachokiona kwanza, na tonsili zilizovimba hukisukuma mbele kikaonekana kirefu kuliko kilivyo. Ushauri wa kukata una mantiki yake kwa anayeliona koo hivyo. Tatizo ni kwamba kimeo hakina hatia.

Kwa mgonjwa wa lukemia, kisu hicho kinabeba hatari mbili zaidi ya zile za kila mtu. Kwanza ni damu. Ugonjwa huu hupunguza chembe sahani, ama kwa kujaza uboho, ama kwa mwili wenyewe kuzishambulia, na jeraha la koo haliwezi kufungwa kitambaa. Pili ni maambukizi. Seli nyeupe 48,000 huonekana kama jeshi kubwa, ilhali nyingi ni askari wasio na silaha, na kingamwili katika damu ya wagonjwa wengi ziko chini ya kiwango. Jeraha dogo lililofanywa kwa chombo kisichochemshwa linaweza kuleta sumu ya vijidudu katika damu. Mhudumu aulize kwa upole kama mgonjwa ameshauriwa kukatwa, na kama tayari amekatwa asimkaripie. Mgonjwa aliyekaripiwa safari nyingine hatasema.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama kimeo kisikatwe, je, hospitali isizitoe hizo tonsili? Kuzitoa hakuponyi lukemia. Upasuaji una nafasi katika hali mbili: kupata kinyama cha uchunguzi, na kufungua njia ya hewa au ya chakula pale dawa haitafanya kazi kwa wakati. Ukifanyika, ufanywe na daktari wa masikio, pua na koo akishauriana na daktari wa magonjwa ya damu, baada ya kuhesabu chembe sahani. Mgonjwa anayetumia ibrutinibu aseme mapema, kwa sababu dawa hiyo huongeza uwezekano wa kutoka damu, na kwa kawaida husimamishwa siku 3 hadi 7 kabla na baada ya upasuaji, kwa amri ya daktari wake.

Kungoja na kutibu

Wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa hawana dalili, nao huambiwa wangoje. Hakuna neno gumu kulipokea kama hilo: umeambiwa una saratani, kisha umeambiwa urudi baada ya miezi mitatu bila dawa. Wengine huona wamekatiwa tamaa, au kwamba wamenyimwa kwa sababu ya umaskini wao. Mhudumu aeleze wazi kwamba ndivyo wanavyofanyiwa wagonjwa wa nchi zote. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1998 uliwapa baadhi ya wagonjwa wa hatua ya mwanzo klorambusili mara moja na wengine wakangojwa. Waliotibiwa mapema hawakuishi zaidi. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa hawahitaji tiba maisha yao yote.

Kungoja kuna mwisho wake. Himoglobini ikishuka chini ya gramu 10, chembe sahani zikishuka chini ya 100,000, limfosaiti zikiongezeka maradufu ndani ya miezi sita, uzito ukipungua kwa asilimia 10 katika muda huohuo, bandama au tezi zikawa kubwa mno, daktari hufikiria kuanza tiba. Koo nalo linahesabiwa. Tonsili zinazomzuia mtu kumeza au kupumua ni sababu halali ya kutibu hata kama hesabu za damu ni nzuri, na mgonjwa asione haya kulalamika kwa kudhani kukoroma ni jambo dogo.

Tiba ziko za aina nyingi, na uchaguzi hutegemea umri, figo, jeni za ugonjwa na, tuseme ukweli, bei. Ziko dawa za zamani kama klorambusili na siklofosfamidi, pamoja na rituksimabu ya kudunga. Kabla ya rituksimabu lazima homa ya ini aina ya B ipimwe, kwa kuwa virusi vilivyolala huweza kuamka na kuua ini. Ziko dawa mpya za vidonge, ibrutinibu na venetoklaksi, zilizoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014 na 2016, ambazo bei yake bado ni kikwazo kwetu. Na kwa uvimbe wa mahali pamoja, kama tonsili zinazoziba, mionzi ya dozi ndogo sana, grei 4 zilizogawanywa katika vipindi viwili, mara nyingi huupunguza bila kuunguza koo. Jambo hili husahaulika, ingawa linafaa hasa kwa mzee dhaifu.

Anayeanza ibrutinibu ajue jambo moja ili asiogope. Dawa hiyo huzifukuza seli kutoka katika tezi na kuzitupa katika damu. Wiki za kwanza tonsili hupungua, sauti hurudi, usingizi hutulia, ilhali limfosaiti katika kipimo hupanda, pengine sana. Hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa. Tena asile balungi wala danzi, na amwambie kila anayemwandikia dawa: klarithromisini, flukonazoli, na ritonaviri iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU huipandisha ibrutinibu mwilini kupita kiasi.

Siku za kawaida

Ugonjwa huu hauambukizi. Kikombe, kijiko na kitanda ni vya kushirikiana kama zamani. Chakula kikisita kooni, ugali upikwe laini na mchuzi uwe mwingi. Uji wa karanga na maziwa hulinda uzito kwa gharama ndogo. Meno yapigwe mswaki laini asubuhi na usiku, na koo lisukutuliwe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kwani tonsili kubwa zina mifuko inayoficha mabaki ya chakula. Mbu akimuuma mgonjwa, mahali pale huweza kuvimba kuliko kwa watu wengine. Ni tabia inayojulikana ya ugonjwa huu, na chandarua ni kinga ya mawili kwa moja. Upele unaotokea baada ya ampisilini au amoksilini nao huwapata wagonjwa hawa kwa urahisi, basi uandikwe katika daftari.

Chanjo za nyumonia na za mafua, zile zisizo na kijidudu hai, zinafaa, na ni bora zitolewe kabla ya tiba kuanza. Chanjo zenye kijidudu hai zisitolewe, na miongoni mwake ni ya homa ya manjano, ambayo wasafiri hudaiwa mpakani. Mgonjwa anayesafiri aombe hospitalini barua ya kusamehewa kwa sababu za kitabibu. Mkanda wa jeshi ukijitokeza, aende siku ileile. Dawa ya virusi hufaa zaidi katika siku tatu za mwanzo.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni jambo la siku hiyohiyo. Malaria ipimwe, na ikionekana itibiwe, lakini mhudumu asiishie hapo: mtu mwenye kinga dhaifu anaweza kuwa na malaria na nyumonia kwa pamoja. Asikilize kifua, apime oksijeni, atume damu ioteshwe kama maabara inaweza, na asicheleweshe dawa ya vijidudu akingoja majibu. Macho yakiwa ya manjano na mgonjwa akapauka ghafla, afikirie kwamba mwili unavunja seli zake nyekundu. Na mgonjwa akishindwa kulala chali, akivuta pumzi kwa mlio, au akitokwa mate kwa kushindwa kuyameza, asiambiwe afungue kinywa tena na tena kwa kijiti. Aketishwe wima, apewe oksijeni, na gari la wagonjwa liitwe akiwa bado anaweza kusema jina lake.

Mzee wetu alipelekwa hospitali ya rufaa akiwa na barua, kioo cha damu na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aliuandika mkewe: uzito kilo 61, koo, daraja la 3, sawa pande zote, anakoroma, pumzi inasita, hajakatwa kimeo.